Kaka Zahoro Anawinda Moshi

Kaka yangu Zahoro hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, lakini Kariakoo nzima simjui mtu aliyeliwa na sigara kama yeye. Nikisema hivyo wateja wangu wanacheka. Wacheke tu, wao hawana ghorofa.

Sisi tuko Mtaa wa Mchikichi. Zamani ilikuwa nyumba ya kawaida, vyumba sita na ua nyuma, marehemu baba akatuachia, tukajikakamua mpaka ikawa ghorofa. Mimi nina fremu ya chini, nauza vitenge na madera. Kaka ndiye mwenye nyumba, yeye na wapangaji wake, yeye na mabomba yake. Katikati ya jengo fundi aliacha uwazi wa kupitisha hewa, kuanzia chini hadi paani, na madirisha ya jikoni yote yanatazamana humo. Tunauita kisima. Ukikaanga samaki chini, wa juu kabisa anajua ni samaki gani. Ukigombana na mumeo huko jikoni, shauri yako.

Huyu kaka hatulii. Marehemu mama alikuwa akisema, huyu nilimzaa nikiwa njiani. Kahawa anakunywa amesimama. Ukimweka kwenye kiti dukani kwangu, kabla hujamaliza kumpimia mteja kitenge, kashapanda ngazi kwenda kuangalia tangi. Na tangi lenyewe halina tatizo! Basi mtu wa namna hiyo, ukimpa na shughuli ya moshi, umemmaliza.

Ilianzia kwa mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili, bwana wa kutoa mizigo bandarini. Jina silitaji. Mpole, kodi analipa kabla hajaulizwa, akipita dukani lazima anisalimie. Ila alikuwa anavuta kitandani, anavuta chooni, nadhani hata akioga alikuwa anavuta. Alipohama, kaka akaingia na fundi rangi, wakasimama katikati ya sebule. Kuta zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Pale bwana alipokuwa ametundika picha ya harusi yake pamebaki pembe nne nyeupe, ndipo tukakumbuka kuta zilikuwa rangi gani. Wakapaka. Kesho yake unjano ukarudi juu. Wakapaka tena, ukarudi. Mwisho fundi akakwangua mpaka kwenye plasta. Kiyoyozi, fundi wake alikifungua akakifunga, akasema, "Mzee, hiki kizikwe." Silingibodi zikatupwa, mapazia yakatupwa. Vipisi vyake alikuwa anavirusha kisimani, vikaziba bomba la maji ya mvua, ilipopiga mvua maji yakaingia kwangu, vitenge vyangu vya Idi vikaelea kama bata. Nilimtukana kaka mpaka sauti ikakauka. Nimtukane nani mwingine? Mvutaji mwenyewe kashahamia Mbezi anapunga upepo.

Na fleti ikakaa tupu. Kila anayekuja kuitazama anafika mlangoni, pua inacheza, anasema nitakupigia. Hakuna aliyepiga mpaka Idi ya pili. Kaka akatoka kwenye balaa lile na ugonjwa mpya, kila akipita mahali ananusa. Akabandika vibao kila ghorofa, marufuku kuvuta sigara ndani ya jengo hili, akaiandika na kwenye mikataba.

Sasa ghorofa ya tatu kuna Chandu na mkewe Jasvanti. Hao si wapangaji, ni ndugu. Chandu ana duka la masufuria ya stili Mtaa wa Uhuru, yeye na kaka wamecheza gololi pamoja, wamechapwa na mwalimu mmoja. Mama alipolala ule ugonjwa wake wa mwisho, Jasvanti alikuwa anashuka kila siku na bakuli la dengu, anamlisha kwa mkono wake. Mimi namwita Mama Hinal, kwa jina la binti yao. Hinal alizaliwa na pumu. Kaka ndiye alikuwa anambeba begani na kukimbia naye hospitali, baba mtu anafuata nyuma analia na mfuko wa dawa. Siku hizi Hinal kaolewa, yuko Mwanza na mumewe Jeet, na mwaka huu akawa na mimba ya kwanza. Kwao Wahindi, mtoto wa kwanza binti huja kujifungulia nyumbani kwa mama yake. Hilo halina mjadala.

Jasvanti akashuka dukani kwangu mchana mmoja, uso hauna hata tone la mzaha.

"Salma, niitie kaka yako."

Kaka hakuitwa, alikuwa tayari kashaingia.

"Zahoro bhai," Jasvanti akamwambia, bhai kwao ni kaka, "jikoni kwangu kuna moshi wa sigara. Kila siku, mchana mchana. Nafunga dirisha nikitoka, nikirudi nakuta umeingia. Hinal anakuja kuzaa. Daktari kasema pumu, mimba na moshi, vitatu hivyo havikai chumba kimoja. Mimi nakuheshimu sana, lakini ukishindwa kuutoa huo moshi kabla binti yangu hajafika, tunaenda Upanga. Dada yangu kashatutafutia nyumba."

Akapanda zake. Kaka akabaki ameshika meza yangu kwa mikono miwili.

"Wakiondoka hawa, Salma," akasema, "nitakuwa na jengo, nyumba sina."

Jamani, nilimwonea huruma. Sijawahi kumsikia kaka akisema maneno kama hayo, yeye ni mtu wa koki na balbu.

Sasa nani anavuta? Chini ya jiko la Jasvanti kabisa, kwenye ile fleti tuliyoikwangua, alikuwa amepanga Tarsis na mkewe Candida. Tarsis anauza spea za magari Gerezani. Kijana mstaarabu, mrefu, kucha zina grisi hata Jumapili. Kaka akampandia siku hiyohiyo.

"Tarsis, wewe unavuta sigara?"

"Shikamoo kaka. Navuta, siwezi kukudanganya. Lakini navutia kazini. Humu ndani sijawahi kuwasha hata moja."

"Marahaba. Sasa moshi unatoka wapi?"

"Hilo kaka sijui."

Kaka akashuka akaniambia, unaona, kakiri. Nikamwambia hajakiri kuvutia humu. Akaniambia mvutaji ni mvutaji. Weee! Ukishaumwa na nyoka, hata kamba ya viatu unairuka.

Basi akaanza kuwinda. Mchana watu wote wakienda kula, yeye yuko kwenye ngazi, shingo mbele, ananusa. Akapekua pipa la taka la ghorofa ya pili. Akajibanza nyuma ya tangi. Wateja wangu wakawa wananiuliza, mzee kapoteza nini? Kilele chake kilikuwa kule paani tunakoanika nguo. Candida alipanda na beseni lake akamkuta kaka kakamata shati la Tarsis kwa mikono yote miwili, kalibandika puani kabisa.

"Shikamoo kaka," Candida akasema.

"Marahaba," kaka akajibu, shati bado liko puani. Na pale pembeni, kwenye kamba hiyohiyo, zilikuwa nguo za Candida mwenyewe, nyingine za ndani. Kaka anaapa hizo hakuzigusa. Mimi namwamini. Candida sijui.

Halafu akaliingiza kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji. Akaandika, mpangaji wa ghorofa ya pili anaombwa aache kuvuta sigara jengoni, anahatarisha maisha ya mama mjamzito. Jengo zima likasoma. Vijana wa simu, wanaouza simu na kuweka mzigo wao ghorofa ya kwanza, wakaweka vikaragosi vya kucheka. Chandu naye akaweka dole gumba. Tarsis akajibu sentensi moja tu, "Kaka, huyo si mimi." Kesho yake moshi ukaja tena, Jasvanti akapiga simu, na jioni kaka akampelekea Tarsis notisi.

Tarsis hakugombana. Walihama asubuhi na kirikuu, kigari cha mizigo cha rafiki yake, Candida kafunga kitambaa mpaka machoni, hamtazami mtu. Tarsis akaja dukani kuniachia funguo.

"Dada Salma, mwambie kaka asiingie gharama ya rangi. Kuta ni nyeupe."

Nilipanda kutazama. Nyeupe kweli, na wamedeki. Nikamwita kaka, nikamwambia, tazama ukuta huo! Akautazama, akapitisha kidole, akanusa kidole. Akasema, "Alikuwa anavutia dirishani." Unamjibu nini mtu kama huyo? Nikashuka zangu nikauze.

Sasa akaingiwa na wazo kwamba harufu imeganda kisimani na lazima ifukuzwe. Na mtu wa pwani akitaka kufukuza harufu anafanyaje? Kaka akanunua udi, akanunua ubani, akatoa chetezo cha marehemu mama. Asubuhi anafukiza ile fleti tupu, jioni anafukiza ngazi. Mkaa unawaka, moshi mzito mweupe, yeye anapita nao huku kikohozi kimembana. Harufu nzuri, sikatai. Lakini mwenzangu, nyumba tupu, milango wazi, ubani unafuka mchana kweupe, mtu atafikiria nini?

Dalali wetu, Ismail, alileta mtu na mkewe kutoka Ilala. Mke akafika mlangoni akasimama.

"Hapa kafia nani?"

"Hajafa mtu," Ismail akasema.

"Sasa ubani wa nini?"

Kaka, badala ya kusema ukweli kuwa ni sigara, akaona aibu, akasema, "Tunasafisha tu." Yule mama akamtazama mumewe, wakageuka. Wa pili aliyeletwa hata ngazi hakumaliza, alisema anasikia mwili unamsisimka. Wiki haikuisha, mtaa mzima unajua kuwa ghorofa ya Mzee Zahoro ina wenyewe, na kwamba yule wa spea alihama kwa sababu alikuwa anakabwa. Vijana wa simu wakaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikawaambia jini pekee la humu ni kaka yangu. Haikusaidia, mmoja akahamishia mzigo wake kwa shemeji yake.

Na Jasvanti akapiga simu. "Zahoro bhai, nilikuomba utoe moshi. Wewe unaongeza?"

Akaacha udi. Kisima kikatulia. Fleti ya ghorofa ya pili tupu, funguo mfukoni mwa kaka, chini yake vijana wa simu hawashindi ndani mchana. Na mchana, watu wanakula, moshi wa sigara ukaja. Mbichi, wa dakika ile.

Kaka alikuwa jikoni mwa fleti tupu anakaza koki isiyovuja. Akatoa kichwa dirishani kisimani, akatazama chini. Hakuna mtu. Ndipo akatazama juu. Anasema aliona mkono umelala kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, uzi mwekundu wa hekaluni kwenye kifundo, sigara katikati ya vidole, na kidole kinagonga majivu taratibu, kidole cha mtu aliyezoea. Mwenye mkono ule anamjua tangu wanacheza gololi. Majivu mengine yakamwangukia kaka kwenye kofia.

Alishuka dukani hana rangi.

"Nimemwona."

"Nani?"

"Chandu."

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini. "Chandu yupi? Baba yake Hinal?"

"Jasvanti huwa anaenda hekaluni saa hizo. Yeye anarudi kula, anabaki peke yake."

Loo, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mtu anavuta jikoni mwake, mkewe anatishia kuhama kwa sababu ya moshi wake, na yeye anaweka dole gumba! Nikamwambia kaka panda sasa hivi ukamwambie.

"Nitaanzaje, Salma? Mtu mzima mwenzangu, nimwambie nimekuona umejificha kama mtoto wa shule?"

"Basi mwambie mkewe."

"Astaghfirullah! Nimvue mtu nguo mbele ya mkewe? Na binti yuko njiani? Huyo ni wa kusitiriwa."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa, aibu ya mwenzio unaitupia kanga. Mimi nayajua hayo. Lakini kuna kumsitiri mtu na kuna kujitia kitanzi. Alipanda kwa Chandu na bisibisi, kisingizio ni soketi, akarudi hajasema. Akapanda tena eti kuangalia bomba. Chandu akampa chai, wakaongea habari za bei ya stili, akarudi. Usingizi hana, chakula anakigusa tu. Na siku zinakwenda.

Hinal akafika mchana, anatoka uwanja wa ndege, tumbo liko mbele, kachoka, mzuri. Mama yake alimfuata na gari. Nikamkumbatia pale mlangoni, akapanda ngazi polepole, kaka nyuma yake amebeba sanduku. Mimi nilikuwa namalizana na mteja niliposikia kelele. Chandu hakuwategemea mapema vile. Jasvanti alifungua mlango wake akapokelewa na moshi, na Hinal hakufika hata kwenye kochi, kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilipofika juu, binti kakaa kitandani, dawa ya kupuliza mdomoni, dirisha limefungwa, kaka anampepea kwa gazeti. Chandu kasimama kona, kalowa jasho, ananukia karafuu.

Tukamsikiliza anavyovuta pumzi. Zilivyoanza kutulia, sote tukatulia nazo. Jasvanti akamfunika mwanawe shuka, akatoka sebuleni. Pale tayari kulikuwa na maboksi, nusu ya vyombo imeshafungwa. Akachukua simu.

"Naita gari. Leo hii naenda Upanga."

"Mama Hinal, subiri," kaka akasema.

"Nisubiri nini? Ulisema Tarsis, Tarsis kaondoka. Ukasema harufu imeganda, ukatufukiza kama nyama. Nani anavuta humu, Zahoro bhai? Wewe mwenye nyumba, unajua au hujui?"

"Najua."

Chandu akainua uso. Nilimwona. Macho yake yalikuwa yanamwomba kaka, na kaka aliyaona.

"Ni mimi," kaka akasema.

Nilitaka kupiga kelele. Yaani huyu mtu! Jasvanti akaishusha simu.

"Wewe? Wewe mwenye vibao?"

"Mimi. Navutia kisimani. Nisamehe."

Akamtazama sana. Mwanamke huyu anamjua kaka tangu hajaota ndevu. Kisha akanigeukia.

"Salma, shuka uninunulie sigara moja, na kiberiti. Tutakuwa paani."

Nilishuka ngazi mbio, na sitaficha, nilishuka kwa furaha. Kuna muuza pipi na sigara za moja moja pale mbele ya fremu, akashangaa kuniona. Nikapanda paani na sigara yangu mkononi. Kaka kasimama katikati ya kamba za nguo, Jasvanti mbele yake, Chandu karibu na mlango, hajui aingie au atoke.

"Vuta," Jasvanti akasema. "Vuta nikuone."

Kaka akaipokea. Akaitazama huku na huku, akaiweka mdomoni, upande wa tumbaku ndani, pamba nje. Upepo ukazima kiberiti. Akawasha tena, akaikinga kwa kofia yake, akafanikiwa kuichoma ile pamba. Akavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayenyonya dafu. Wacha wee! Alikohoa mpaka akashika magoti, machozi yanatoka, tumbaku imemgandia kwenye ulimi, na pamba inanuka kama nywele zinazoungua. Na bado, mjinga wangu yule, akainuka akairudisha mdomoni.

"Kila siku," akasema, akakohoa, "kila siku mchana."

Chandu akatembea. Akamtoa sigara mdomoni, taratibu, akaitupa chini akaikanyaga.

"Mwache, Jasvanti. Ni mimi."

Chini huko wauzaji wanaita, spika zinapiga, Kariakoo haina habari na sisi. Jasvanti hakumpigia kelele mumewe. Nilingoja amrukie, ningemsaidia. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akajifunika uso kwa pindo la sari yake.

"Mimi nimefunga maboksi," akasema humo ndani ya sari. "Nimefunga mpaka masufuria. Nilikuwa nahama na nini? Huko Upanga moshi si ningefika nao? Nimelala nao kitanda kimoja."

"Nilikuwa nataka kuacha kabla hajaja," Chandu akasema. "Kila siku nasema leo ya mwisho."

"Mwanao anakata pumzi, wewe unatafuna karafuu."

Chandu alilia bila sauti, mtu mzima, mvi kichwa kizima, na kaka akageukia upande wa kamba za nguo ili asimwone.

Jasvanti akajifuta, akainuka. Alipoongea, sauti ilikuwa ile ya kupanga bei. "Mimi na Hinal hatuendi popote. Atakayehama ni wewe. Zahoro bhai ana fleti tupu ghorofa ya pili, atakupa funguo, utalipa kodi kama watu. Na kama utavuta, utavutia barabarani. Juu kwangu hapandi mtu mwenye moshi."

Ndivyo kaka alivyopata mpangaji. Chandu alishuka na godoro, sufuria moja na nguo zake. Mtaa ukasema kagombana na mkewe, wengine wakasema sasa kajitolea kulala na jini. Mchana unamwona mbele ya fremu yangu, kati ya wauza mitandio, anavuta harakaharaka macho chini, tajiri wa stili mzima.

Kwa Tarsis walienda wawili, kaka na Chandu, kwa miguu mpaka Gerezani. Tarsis alifuta mikono, akawaamkia, akawaagizia soda. Kaka akasema yote, hakujipunguzia. Chandu akasema yake. Tarsis akawaambia amesamehe, hana kinyongo. Kaka akamwambia rudi basi, nitakungojea, nitamtafutia Chandu mahali pengine.

"Hapana, kaka. Candida alikukuta na nguo zetu puani. Kila akikutana na mtu wa jengo lile anahisi ananuka. Hawezi kupanda zile ngazi tena."

Soda kaka hakuimaliza. Alirudi akang'oa vibao vyote, mpaka leo sijui kwa nini. Kwenye grupu akaandika kwa jina lake lote kwamba alimsingizia Tarsis, na kwamba Tarsis hakuvuta humu hata siku moja. Watu wakasoma. Safari hii hakuna aliyecheka, na Tarsis mwenyewe alishajitoa zamani.

Hinal alijifungua mtoto wa kike, mzima, mapafu yake tuliyasikia kisimani mpaka chini. Kaka alimbeba, mimi nilimbeba, hata Ismail dalali alimbeba. Babu yake bado. Jasvanti aliweka sharti lake. Kila asubuhi Chandu anaoga, anavaa shati jipya, anapanda, anasimama mlangoni, ananyoosha mikono. Mkewe anaishika, anavinusa vidole, kimoja kimoja. "Bado," anasema. Chandu anashuka. Mtoto anamwona kwa mbali tu, kwenye kanga ya mama yake.

Asubuhi moja, mimi na kaka tulikuwa tumepanda kumwona mzazi. Chandu akaja, kanyoa, shati jeupe. Akanyoosha mikono. Jasvanti akanusa mkono wa kulia, akanusa wa kushoto. Akarudia wa kulia. Halafu uso ukamlegea, akageuka akamchukua mtoto kwa Hinal, akaja naye mlangoni.

"Haya," akasema. "Mshike kichwa vizuri."

Chandu akatanua mikono. Mtoto alikuwa karibu kabisa, kitambaa chake kinamgusa kwenye kiganja. Akairudisha mikono nyuma.

"Hapana, Jasvanti. Jana jioni nilivuta moja. Nimesugua kwa ndimu ndiyo maana hujasikia harufu."

Hinal akaanza kulia. Jasvanti alibaki na mtoto hewani, nikadhani atamfungia mlango usoni. Akamrudisha mtoto kifuani.

"Njoo kesho," akamwambia, na mlango hakuufunga.

Chandu akashuka, kaka akamfuata, mimi nyuma yao. Kwenye ngazi kaka akashindwa kujizuia.

"Ungenyamaza, Chandu. Hakuwa amesikia kitu. Ungembeba mjukuu wako."

Chandu akasimama, ameshika ukuta.

"Mara ya kwanza nilinyamaza, ukamfukuza Tarsis. Nikinyamaza tena utamfukuza nani?"

Walisimama hapo kwenye ngazi wote wawili, mimi nikawapita nikaenda kufungua duka.